Mama Aliyeleta Mtoto kwa Dozi ya Kwanza Hakukataa Chanjo

Hotuba kwa wauguzi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, walimu na viongozi wa dini katika matayarisho ya Wiki ya Chanjo. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wenzetu waliokosa nafasi ya kufika.

Ndugu Mwenyekiti, waganga wafawidhi wa zahanati na vituo vya afya, wauguzi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, walimu, mashehe, wachungaji na mapadri, viongozi wa vijiji na mitaa: itifaki imezingatiwa. Asalaam aleykum. Tumsifu Yesu Kristo.

Mada niliyopewa ni mitazamo ya jamii kuhusu chanjo. Naomba nianze kwa kuwauliza. Mtoto asipoletwa kliniki kwa dozi ya tatu, sisi huandika nini? Huandika "mtoro". Tukikaa kwenye kikao cha robo mwaka, tunasemaje? "Mwamko wa jamii bado ni mdogo." "Elimu zaidi itolewe." Muhtasari unasainiwa, kikao kinafungwa. Ni nani kati yetu aliyefunga safari kwenda kumuuliza yule mama kilichomsibu?

Ndugu zangu, mtazamo wa mzazi kuhusu chanjo hutengenezwa. Hutengenezwa na alichokiona siku mtoto alipochomwa sindano. Hutengenezwa na swali alilojibiwa au alilonyimwa jibu. Hutengenezwa na namna kosa lilivyoshughulikiwa siku lilipotokea. Na sehemu kubwa ya mambo hayo imo mikononi mwa watu waliomo humu ukumbini.

Tuanze na hesabu, maana hesabu zinatuonyesha wapi pa kutazama. Chukueni zahanati moja. Kwa mwaka mzima watoto 200 walipata dozi ya kwanza ya penta, sindano moja inayokinga magonjwa matano, ile ya wiki ya 6. Dozi ya tatu, ya wiki ya 14, wakapata 168. Waliopotea njiani ni 32. Gawanya kwa 200, zidisha kwa 100, unapata asilimia 16. Kipimo chetu ni asilimia 10. Ukikivuka, kuna tatizo. Tatizo la nani? Mama aliyeleta mtoto kwa dozi ya kwanza hakukataa chanjo. Alimvalisha mtoto, alimbeba, alitembea, alikaa kwenye benchi akisubiri, akakubali mwanawe achomwe. Mama huyu alikuja na imani yake. Kuna jambo lilimkuta kati ya wiki ya 6 na wiki ya 14.

Sasa kama eneo lenu linategemea watoto 320 kwa mwaka, na hao 200 tu ndio waliofika kwa dozi ya kwanza, wale 120 ni habari nyingine kabisa. Pengine wako mbali. Pengine huduma ya mkoba, ile ya kuwafuata watu walipo, haijawahi kufika kwenye kitongoji chao. Pengine kweli wamekataa. Lakini msiwachanganye na wale 32. Wale 120 tunawafuata kwa mkoba na kwa mazungumzo. Wale 32 tuanze kwa kujitazama sisi wenyewe.

Naomba nitaje jambo ambalo kila aliyefanya kazi kwenye chumba cha chanjo analijua. Kichupa cha chanjo ya surua na rubela kina dozi 10. Ukishakichanganya, una saa 6 tu, kisha unakitupa. Kichupa cha BCG, chanjo ya kifua kikuu, kina dozi 20, na masharti ni hayo hayo. Muuguzi anaona watoto wawili, anawaza dozi 8 zitakazomwagwa, anamwambia mama: "Njoo Alhamisi, leo hamjatimia." Mama amelipa bodaboda. Ameacha biashara yake. Mtoto wa miezi 9 ni mzima, anatambaa, anacheka, hana dalili ya ugonjwa. Akifika nyumbani baba anamwuliza: umeenda, wamekurudisha, utapoteza nauli mara ya pili kwa ajili gani? Hapo ndipo mtazamo unapozaliwa. Hakuna uvumi uliosambazwa na hakuna mtandao uliohusika. Sisi ndio tuliomfundisha mama kwamba chanjo hii inaweza kusubiri.

Fungueni kichupa hata kwa mtoto mmoja. Mwongozo ndivyo unavyosema, na sababu yake ni ya kihesabu: dozi zitakazomwagwa zimeshawekwa kwenye makisio ya mahitaji wakati wa kuagiza. Mtoto aliyerudishwa nyumbani hajawekwa kwenye makisio yoyote. Na mama akija amechelewa wiki tano, asikaripiwe mbele ya wenzake. Aliyechelewa haanzi upya, anaendelea alipoishia, na dozi inayofuata inahesabiwa wiki 4 kutoka leo. Mwambieni hivyo, kwa sababu wako akina mama wanaokaa nyumbani wakidhani kwamba kwa kuchelewa wameshaharibu kila kitu.

Sasa nizungumzie hofu.

Oktoba 1977, mjini Merca, pwani ya Somalia, kijana wa miaka 23 aitwaye Ali Maow Maalin alikuwa mpishi wa hospitali. Likaja gari lililobeba wagonjwa wa ndui, dereva akiulizia njia. Maalin akapanda kumwelekeza. Safari yenyewe ilikuwa ya dakika chache. Baada ya siku kadhaa akashikwa na homa. Wakadhani ni malaria. Vipele vikatoka, wakadhani ni tetekuwanga, wakamruhusu aende nyumbani. Ilikuwa ndui. Ali Maow Maalin ndiye mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa maambukizi ya kawaida, nje ya maabara. Ili kuzuia isienee, zaidi ya watu elfu 50 walichanjwa katika eneo lile kwa muda mfupi. Maalin alipona, wala hakumwambukiza mtu hata mmoja. Mwaka 1980 dunia ikatangaziwa kwamba ndui imekwisha.

Lakini jiulizeni: mtu aliyefanya kazi hospitalini, mtu aliyewahi kwa muda kushiriki katika mpango wenyewe wa kutokomeza ndui, ilikuwaje hajachanjwa? Alieleza mwenyewe baadaye. Aliogopa. Alitazama wengine wakichanjwa, akaona kunauma. Basi. Hakuwa na itikadi, hakuwa na hasira na serikali, hakukosa elimu. Aliogopa maumivu, akakwepa kimya kimya.

Wangapi wanaotukwepa kimya kimya namna hiyo? Mama anayemwonea mwanawe huruma hatakuambia, atasema tu kwamba alisafiri. Na hofu hii ina dawa rahisi. Mtoto mchanga anyonyeshwe wakati anachomwa au muda mfupi kabla. Apakatwe na mama yake, asilazwe mezani akashikiliwa mikono na miguu. Matone ya kinywani yatangulie, sindano zifuate, na ile inayouma zaidi iwe ya mwisho. Usipasugue mahali ulipochoma. Hayo yote hayahitaji bajeti.

Hofu ikikutana na kundi la watu inakuwa na nguvu zaidi, na hapa nawaomba walimu mnisikilize. Mwaka 2014, katika mji wa El Carmen de Bolívar nchini Kolombia, wasichana wa shule waliokuwa wamepata chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, walianza kuzimia, kufa ganzi miguu na kuumwa kichwa. Mmoja, kisha wengine, kisha mamia wakakimbizwa hospitalini. Video zikazunguka kwenye simu na televisheni. Uchunguzi haukukuta kosa kwenye chanjo. Ulikuta mwitikio wa hofu unaoambukizana katika kundi. Dalili zile zilikuwa za kweli. Wasichana hawakuwa wanaigiza, na aliyewaambia kwamba wanaigiza aliwaudhi wazazi wao kwa haki. Matokeo yake? Nchi iliyokuwa ikichanja zaidi ya asilimia 80 ya wasichana, ilipofika 2016 ilikuwa imeshuka hadi asilimia 14 kwa dozi ya kwanza.

Hapa Tanzania chanjo hiyo hutolewa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, na tangu 2024 ni dozi moja tu. Nyingi hutolewa shuleni. Basi walimu, siku hiyo wasichana wawe wamekula. Wachanjwe wamekaa, kwenye chumba ambacho walio kwenye foleni hawaoni ndani. Wakishachanjwa wakae dakika 15 kabla ya kurudi darasani. Akizimia mmoja, alazwe, miguu iinuliwe kidogo, apelekwe kando mara moja, na mwalimu mmoja mtulivu abaki na wengine. Barua kwa wazazi iende wiki moja kabla, ikisema chanjo inakinga nini: saratani ya mlango wa kizazi, ile inayoongoza kwa wingi miongoni mwa wanawake wetu. Na mzazi akiuliza kwa nini mtoto mdogo hivyo, jibu lipo wazi: chanjo hii hukinga kabla kirusi hakijaingia mwilini, haiponyi aliyekwisha kukipata. Ndiyo maana hatungoji awe mkubwa.

Jambo la tatu ni maswali. Swali lisilojibiwa na mtu wa karibu hujibiwa na mtu wa mbali.

Mwaka 2013 na 2014 Kenya ilifanya kampeni ya chanjo ya pepopunda kwa wanawake wa miaka 14 hadi 49 katika maeneo yenye hatari kubwa. Watu wakauliza. Kwa nini wanawake peke yao? Wanaume hawakanyagi misumari? Kwa nini umri huo wa kuzaa? Kwa nini dozi nyingi, zinazorudiwa kila baada ya miezi? Ndugu zangu, haya ni maswali ya watu wenye akili. Lakini majibu hayakuwafikia mapema na kwa ukamilifu, na mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya wakatangaza wasiwasi kwamba ndani ya chanjo kuna homoni ya ujauzito, iliyowekwa ili wanawake wasizae. Vichupa vikapelekwa maabara, na baadhi ya vipimo vikadai kuiona homoni hiyo. WHO na UNICEF wakaeleza kwamba vipimo vile vimetengenezwa kupima damu na mkojo wa binadamu. Chanjo ina viambato vyake, chumvi za aluminiamu na vihifadhi, vinavyoweza kukivuruga kipimo kikatoa jibu la uongo. Lakini maelezo yalikuja wakati habari imeshafika jikoni kwa kila mtu.

Majibu yenyewe yalikuwa yapi? Wanawake wa umri wa kuzaa, kwa sababu pepopunda ya mtoto mchanga huingia kupitia kitovu kilichokatwa kwa kifaa kisicho safi au kupakwa kitu kichafu, na kinga ya mama humvukia mtoto tumboni. Dozi nyingi, kwa sababu dozi ya kwanza karibu haikingi kitu. Ya pili, wiki 4 baadaye, hukinga mwaka 1 hadi 3. Ya tatu, baada ya miezi 6, hukinga angalau miaka 5. Ya nne, mwaka mmoja baadaye, angalau miaka 10. Na ya tano hukinga kwa muda wote wa kuzaa. Na tofauti na surua, jirani yako akichanjwa hukukingiwa wewe, maana kijidudu cha pepopunda kinakaa kwenye udongo. Kila mwanamke lazima awe na kinga yake. Dakika mbili za maelezo. Dakika mbili.

Nitasema jambo jingine kuhusu uvumi ule, maana tusipolisema tutaonekana tunaficha. Ulikuwa na mzizi. Watafiti nchini India waliwahi kwa kweli kutafiti chanjo ya kuzuia mimba iliyounganisha sehemu ya homoni hiyo na toksoidi ya pepopunda, yaani sumu yake iliyoondolewa makali. Ilikuwa bidhaa nyingine, ya majaribio, kwa wanawake waliojua wanachofanyiwa. Mtu akikuletea habari hiyo kutoka kwenye simu yake, usimwambie "uongo mtupu". Mwambie ni kipi katika habari hiyo ni kweli, na ni wapi inapotoka njiani. Atakuamini zaidi kwa sababu hukumdharau.

Swali jingine linalotusumbua kila mlipuko wa surua unapotokea: "Mbona waliochanjwa nao wanaugua?" Wengi wetu hulikimbia. Hebu leo tulijibu kwa hesabu. Katika watoto 100 wanaochanjwa surua wakiwa na miezi 9, karibu 85 hupata kinga. 15 hawaipati, kwa kuwa wengine bado wana kinga ya mama inayoizuia chanjo isifanye kazi. Ndiyo sababu ya dozi ya pili, ya miezi 18. Sasa chukueni kitongoji chenye watoto 100: 90 wana dozi moja, 10 hawana kitu. Surua ikiwafikia wote, wale 10 wataugua karibu wote. Katika wale 90, wataugua 13 au 14. Anayehesabu vitandani ataona waliochanjwa ni wengi kuliko wasiochanjwa, ataondoka akisema chanjo ndiyo inayoleta ugonjwa. Lakini katika waliochanjwa ameugua takriban mmoja kati ya 7. Katika wasiochanjwa wameugua karibu wote. Chukua kalamu, mwandikie mzazi hesabu hiyo nyuma ya karatasi, naye ataielewa. Mwelezeni pia kwamba mgonjwa mmoja wa surua anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 pasipo na kinga, ndiyo maana tunang'ang'ania asilimia 95 kwa dozi zote mbili. Asilimia 80, ambayo kwenye kazi nyingine tungeipigia makofi, kwa surua inaacha mlango wazi.

Sasa nataka twende polepole, kwa sababu hili ndilo zito kuliko yote: kosa letu wenyewe.

Samoa ni nchi ya visiwa katika bahari ya Pasifiki, yenye watu wapatao laki mbili. Julai 2018, katika kisiwa cha Savai'i, watoto wawili wa umri wa mwaka mmoja walichanjwa surua siku moja na wakafariki muda mfupi baadaye. Uchunguzi ulikuta kwamba chanjo yenyewe haikuwa na kasoro. Unga wa chanjo ulichanganywa na dawa ya ganzi inayolegeza misuli, badala ya maji yake ya kuchanganyia. Wauguzi wawili walikiri kosa na mwaka 2019 wakahukumiwa kifungo cha miaka mitano.

Serikali ilisimamisha chanjo hiyo kwa miezi kadhaa. Hebu fikirini: watoto wawili wamekufa, chanjo imesimamishwa, nani atabaki na wasiwasi kidogo? Kimya kile kilijazwa na watu wengine, wakiwemo wapinga chanjo kutoka nje ya nchi, waliosema tuliwaambia. Kwa mwaka 2018, makadirio ya WHO na UNICEF yalionyesha kwamba karibu theluthi moja tu ya watoto ndio waliopata dozi ya kwanza ya surua. Hata huduma ilipoanza tena, wazazi hawakurudi.

Septemba 2019 surua ikaingia. Novemba ikatangazwa hali ya hatari. Tarehe 5 na 6 Desemba serikali ilifunga ofisi na shughuli, ikawaamuru watu wabaki majumbani, na ambao hawajachanjwa waning'inize kitambaa chekundu mbele ya nyumba ili timu za chanjo ziwaone. Zikapita nyumba kwa nyumba. Mlipuko ulipokwisha, zaidi ya watu 5,700 walikuwa wameugua, na 83 wamekufa, wengi wao watoto walio chini ya miaka mitano. Watoto wawili kwa kosa la kuchanganya. Zaidi ya themanini kwa imani iliyovunjika na haikutengenezwa kwa wakati. Naomba namba hizo mbili mzishike pamoja.

Tunafanya nini ili yasitukute? Kwanza, jokofu la chanjo ni la chanjo. Oksitosini, insulini, dawa za ganzi, zote zitafutiwe mahali pengine. Na kama kituo hakina pengine, zikae kwenye kasha lake lililofungwa na kuandikwa kwa herufi kubwa. Pili, maji ya kuchanganyia yanatoka kwa mtengenezaji yule yule wa chanjo, yanakuja na chanjo, na yanapozwa nyuzi 2 hadi 8 kabla ya kuchanganya. Soma lebo ukitoa kwenye jokofu, soma unapovuta, soma unapotupa kichupa kitupu. Tatu, andika saa uliyochanganya kwenye kichupa. Saa 6 zikiisha, kinatupwa, hata kama foleni bado ni ndefu. Mwaka 2017 nchini Sudan Kusini, eneo la Kapoeta, watoto 15 walikufa baada ya kampeni ya surua iliyotumia bomba moja la sindano kwa siku nne na chanjo zisizohifadhiwa kwenye baridi. Chanjo yenyewe ilikuwa nzima ilipotoka kiwandani.

Nne, na hapa ndipo tunapoteleza: tukio baya likitokea, lisemwe siku hiyo hiyo. Mganga mfawidhi aende kwenye familia mwenyewe, kabla ya kuandika ripoti ya wilaya. Atoe pole. Aseme tunachojua, aseme tunachochunguza, aseme lini atarudi kuwaeleza, na siku hiyo arudi hata kama majibu ya maabara hayajafika. Kichupa, bomba na maji yaliyotumika vihifadhiwe, visitupwe. Kiongozi wa kijiji na kiongozi wa dini waambiwe na sisi kabla hawajaambiwa na mtaa.

Na yale maudhi madogo ya kila siku, kwa nini tunamwachia mama ayagundue usiku wa manane? Homa baada ya penta huja ndani ya siku mbili. Homa na vipele vidogo baada ya chanjo ya surua huja kati ya siku ya 5 na ya 12, wakati mama ameshasahau kliniki, akadhani mtoto amepata surua yenyewe. Kidonda cha BCG huchomoza baada ya wiki kadhaa, hutoa usaha kidogo, kisha hupona chenyewe na kuacha kovu; kisipakwe dawa wala majani. Aliyeambiwa kabla huona muuguzi alisema kweli. Asiyeambiwa huona tumemdhuru mtoto wake. Homa ile ile moja.

Nipite haraka kwenye la mwisho: ni nani anayesema. Mwaka 2003 majimbo ya kaskazini mwa Nigeria, Kano likiongoza, yalikataa chanjo ya polio kwa madai kwamba inafunga kizazi. Nje waliitwa wajinga. Lakini Kano ilikuwa na kumbukumbu: mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa ya Trovan kwa watoto wa hapo, baadhi walikufa, baadhi wakabaki na ulemavu, na familia zililalamika kwamba hazikuelezwa kuwa ni majaribio. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Matangazo ya redio hayakusaidia. Kilichosaidia 2004 ni viongozi wao wenyewe kushiriki kuichunguza chanjo, na kukubaliwa kwa chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu wengi. Wakati huo kirusi kilikuwa kimeshasafiri. Kilifika nchi karibu 20, na mwaka 2005 kikafika Indonesia yenyewe, iliyokuwa imekaa miaka kumi bila polio, kikapooza zaidi ya watoto 300. Kazi ya masultani, maimamu na walemavu wa polio waliopita nyumba kwa nyumba ndiyo iliyoifikisha Afrika tarehe 25 Agosti 2020, ilipotangazwa kwamba polio ya asili imetoweka barani.

Nasi tunayo yetu. Januari 2021 kiongozi wa juu wa nchi alisema hadharani kwamba chanjo za UVIKO-19 hazifai. Tarehe 28 Julai mwaka huo huo, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya kamera. Je, watu walimiminika? Hapana, si mara moja. Neno la juu linaweza kuharibu kwa siku moja. Kujenga linahitaji miguu. Mwanzoni mwa 2022 tulikuwa miongoni mwa nchi za mwisho Afrika. Tulipanda pale chanjo zilipotoka hospitalini zikapelekwa sokoni, vijiweni, majumbani, na wenyeviti wa vijiji wakatangulia wahudumu mlangoni.

Kwa hiyo mashehe na wachungaji, hatuwaombi msome tangazo letu. Tunawaomba mje muone jokofu, muulize, mridhike, kisha mseme kwa maneno yenu. Na wenyeviti, mkitangaza kwenye mkutano wa kijiji, msiseme "wazazi wengi hapa hawachanji". Anayesikia hivyo anajifunza kwamba kutochanja ndiyo desturi ya hapa. Kama watoto 168 kati ya 200 wamekamilisha, semeni hivyo: wengi wamekamilisha, tunawangoja 32. Akina baba na bibi waalikwe kwa jina, maana mama mara nyingi haamui peke yake.

Kazi ya wiki hii ni moja. Kila zahanati ifungue rejista, iandike majina ya waliopata dozi ya kwanza bila ya tatu, na ya waliofikisha miezi 18 bila dozi ya pili ya surua. Mhudumu wa jamii apewe majina yasiyozidi 10. Akifika nyumbani asiulize "kwa nini hukuja?", kwa sababu hilo ni shtaka. Aulize: "Mara ya mwisho ulipokuja kliniki, mambo yalikwendaje?" Kisha anyamaze asikilize. Aandike jibu kwa maneno ya mama mwenyewe, na pembeni aweke alama: alirudishwa, alikaripiwa, mtoto alipata homa, alisikia jambo, mume hakubali, kliniki inagongana na siku ya gulio, amehama. Majibu yasomwe kwanza na mganga mfawidhi pamoja na wauguzi wa chumba cha chanjo, kabla hayajapelekwa wilayani, kwa sababu mengi yanarekebishika wiki hiyo hiyo, na mama aliyelalamika apelekewe habari kwamba limerekebishwa.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Nakaribisha maswali, na ningeomba walimu na viongozi wa dini waanze.